Msemaji wa Familia

Chumba cha Prufu, Kiwanda cha Uchapaji
4 Januari

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na anti mmeuanza mwaka vizuri na mgongo umeacha kukusumbua, au kama haujaacha, basi wewe umeacha kumsimulia kila anayepita. Sisi huku hatujambo. Kitinda sasa anatembea na fimbo moja tu badala ya mbili, na amerudia ubishi wake wa zamani. Jana amebishana na daktari kuhusu mguu ambao ni wake, na nadhani alishinda. Tangu lile jengo liwaangukie yeye na mama sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

Ulitufundisha kwamba la familia haliendi kwenye simu ya ofisi, kwa hiyo nimekaa na kalamu. Mjomba, Chapchap ametoka gerezani! Najua wewe ulijua kabla yangu, maana mafaili ya msamaha yanapita mikononi mwako, lakini na mimi nilijua kabla ya nchi nzima. Orodha ya Rais ya wafungwa wa kusamehewa kufunga mwaka ilifika mezani kwangu siku mbili kabla ya kutangazwa. Unajua sisi wasahihishaji hatusomi kama watu. Tunaanza chini kwenda juu, rula imefunika mistari mingine, tunatazama herufi na tarakimu moja moja. Ukianza kusoma maana umekwisha, jicho linaruka makosa. Nilipanda hivyo kutoka jina la sitini mpaka la nane, na hapo nikamkuta binamu yangu. Nikasahau rula na kanuni zote. Mwenzangu aliniuliza mbona nalia, nikamwambia ni wino mpya, unawasha macho.

Na ahsante kwa ile simu. Msimamizi alikuwa tayari kuuzuia ukurasa kwa sababu namba ya mfungwa wa thelathini na moja ilikuwa na tarakimu nne badala ya tano. Niliposikia ni wewe uliyepokea nilitaka kupiga vigelegele, lakini ulikuwa mkavu kama mkate wa juzi. Ukanisomea tarakimu, ukakata. Nikajua una wakubwa mezani.

Magazeti yanasema kuna mswada wa kuufunga mkono wa Rais asisamehe ovyo. Mwambie Chapchap ana bahati, ametoka mlango ukiwa wazi. Mimi niko upande wa huruma.

Mpwa wako

*

29 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba, mama, marahaba mara mia. Barua yako imenikuta nimelala chali sakafuni kwa ajili ya mgongo huohuo unaoukejeli, na anti yako amenisomea kwa sauti, akicheka penye kunitukana. Anakusalimu. Chapchap amefika na gunia la hamu ya kula. Miaka miwili na nusu kwa sababu ya matairi ya karakana! Asubuhi hunikuta mezani, ananitazama tu, kisha anasema, "Baba, hapa hakuna kengele." Nikisikia hivyo nageuza uso. Mpe Kitinda pole na hongera, kwa mpangilio atakaoutaka yeye.

Kuhusu huo mswada, waache waheshimiwa wapige domo. Sheria ni mashine, mwanangu. Haioni inayemsaga. Mwaka juzi nilibeba faili la mwanamke aliyemjeruhi mumewe katika kujitetea. Hakimu alifuata kitabu, na kitabu kilikuwa hakina mahali pa kuandika kwamba mume yule alimvunja mbavu mara mbili. Nani angemtoa mwanamke yule? Mkono mmoja tu katika nchi nzima. Sasa wanataka mkono huo uombe ruhusa, ueleze sababu, usubiri nusu ya kifungo. Akisubiri mgonjwa wa saratani, atatoka ndani ya sanduku.

Lile jambo la namba usilitaje tena, hata kwa utani. Ni siri ya ofisi, na wewe uliapa kama mimi nilivyoapa.

Kula vizuri. Na magazeti usome ya kazini tu.

Mjomba wako

*

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Kitinda hajambo. Mimi pia, kwa maana ya mwili. Mwenye nyumba ameziba lile tundu la jikoni, sasa mvua inaingilia chumbani. Nadhani hizo ndizo habari za nyumbani.

Jumatatu niliitwa ofisi ya mbele. Kulikuwa na mteja mwenye haraka, anataka kadi mia tatu za mwaliko, sherehe ya shukrani. Msimamizi akanipa karatasi nihakiki hapohapo. Nikasoma kutoka chini, kama kawaida. Saa, ukumbi, simu. Nikafika kwenye majina matatu ya mwenye sherehe na mkono ukasimama, kwa sababu nilishawahi kuyapita. Mfungwa wa thelathini na moja. Nikainua macho nimwone ni nani, mtu niliyemhangaikia kwa simu.

Alikuwa Ghorofa.

Mjini hapa hakuna anayemjua kwa majina yale matatu. Ghorofa mkandarasi, Ghorofa aliyeambiwa na mhandisi asiongeze sakafu ya nne, akaongeza. Ghorofa ambaye zege lake lilimkuta mama kwenye cherehani, akimalizia sare za watoto wa shule huku wenzake wametoka kula. Mahakamani ulikwenda wewe kwa niaba yetu, maana mimi nilikuwa hospitali na Kitinda, na majina ya mtu yule sikuyasikia yakisomwa hata siku moja. Alihukumiwa miaka tisa. Amekaa miezi kumi na minne. Amenenepa. Hakunitambua, akaniambia, "Dada, angalia vizuri, sitaki makosa."

Nikaangalia vizuri, mjomba. Hayakuwamo makosa. Nikaweka alama na sahihi yangu, kisha nikamrudishia karatasi yake.

Swali langu ni moja. Siku ile ulipokuwa unanisomea zile tarakimu, ulikuwa unajua ni za nani?

Jana redioni msemaji wa serikali alikuwa anawajibu wanaolalamikia kuachiwa kwake. Alisema familia ya marehemu ilishirikishwa na haina kinyongo. Familia ya marehemu ni mimi na Kitinda. Nani ametushirikisha?

Mpwa wako

*

11 Aprili

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Usinione mkimya, mama. Mwezi wa pili wote nilikuwa mikononi mwa madaktari wa mgongo, na wa tatu ofisi ilikuwa inahamia ghorofa ya juu, mafaili elfu na kitu, yote kwa mikono yetu. Anti yako naye alipata mafua ya kukata na shoka. Chapchap amepata kibarua gereji ya jirani. Wanamlipa kidogo lakini anarudi ananuka grisi, na mama yake husema hayo ndiyo manukato ya mtu huru. Mbwa wa jirani amezaa. Nimekataa kupewa hata mmoja.

Nimetuma viatu vya Kitinda kwa mkono wa dereva wetu wa ofisi. Soli ya kushoto imeongezwa kimo kulingana na mguu. Fundi alisema akivizoea ataiacha fimbo.

Nimesoma uliyoandika. Elewa kwamba karani hapendekezi mtu. Kuna kamati, ina jaji, daktari na kiongozi wa dini. Wao humshauri Rais na Rais huamua. Karani hufunga na kufungua kamba za faili. Yule bwana alikuwa na vyeti vya presha na barua ya mwenendo mwema kutoka kwa mkuu wa gereza. Fomu zote zilitimia. Faili likishatimia hakuna mtu wa chini wa kulizuia.

Nasikia kamati ya Bunge itapita miji yote kuchukua maoni kuhusu mswada, na nasikia unataka kwenda. Nakuomba kama mzee wako, usiende. Utasimama mbele ya kamera, watakuuliza mambo ya msiba, utalia, kesho yake wamekusahau. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mama yako hatarudi kwa mswada.

Nakupenda kama ninavyompenda mwanangu. Hilo ulijue.

Mjomba wako

*

6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Poleni kwa mafua. Viatu vimefika na ni vya kipimo chake, lakini Kitinda hajavivaa. Ameviweka juu ya kabati na kuniuliza ni vya nini. Nikamwambia ni vya kutembelea. Akasema anajua kazi ya viatu, anauliza sababu yake.

Barua yako ina kurasa tatu. Nimeisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na nilichokuuliza hakimo. Mbwa wa jirani yumo.

Sasa sikiliza ninayoyajua. Mbunge anayeupinga mswada amesimama Bungeni akasema hakuna haja ya sheria mpya, kwa sababu tayari kuna fomu, na fomu ina nafasi ya msemaji wa familia ya aliyedhurika. Akatoa mfano wa faili la Ghorofa. Akasoma: "Sisi wanafamilia hatuna pingamizi, tumemsamehe kwa moyo mweupe." Wabunge wakapiga meza. Jina la msemaji hakulisoma, alisema tu ni mzee wa familia.

Baba yetu alikufa Kitinda akiwa tumboni. Babu na bibi walimtangulia mama. Upande wa mama mzee amebaki mmoja. Nimehesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vikabaki vingi.

Ningeweza kuomba nakala ya faili. Mwanasheria anayewasaidia wenye maoni ameniambia wiki tatu inapatikana. Sitaki kulijua hilo kwa karatasi ya watu. Nataka wewe uniandikie, kwa mwandiko ule ulionifundishia herufi nikiwa na miaka mitano. Ni wewe?

Nitasimama mbele ya kamati tarehe kumi na tisa Juni. Nakupa mpaka hapo.

Mpwa wako

*

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina habari za nyumbani. Anti yako hajui naandika, niko kwenye benchi nje ya posta.

Ni mimi.

Oktoba katibu wa ofisi yetu aliniita chumbani kwake, akafunga mlango mwenyewe, jambo ambalo hafanyi. Mezani kulikuwa na mafaili mawili. La kwanza lilikuwa la Chapchap, ambalo nilikuwa nimelifuatilia mwaka mzima na kila mara likirudi chini ya rundo. La pili la yule mtu. Katibu akasema, "Mzee, hili la mwanao limekamilika, halina tatizo. Na hili lingine limepungukiwa sahihi moja tu. Naona yanaweza kupanda pamoja." Hakunitisha. Wala hakuniahidi kitu. Alinipa kalamu yake, akaenda dirishani kutazama magari.

Unajua fomu ile niliitengeneza mimi? Miaka kumi na moja iliyopita. Nilipendekeza kiwepo kipengele cha msemaji wa familia, ili waliodhurika wasipitwe. Nilisifiwa kikaoni. Nikaweka nafasi ya mtu mmoja, sahihi moja, kwa sababu ukurasa ulikuwa umejaa, na kwa sababu niliona kwetu mzee akisema amesema kwa wote. Sikufikiri kwamba mzee mwenyewe anaweza kuwa na lake.

Niliandika yale maneno ya moyo mweupe. Hakuna aliyenitajia la kuandika.

Umeniuliza kuhusu tarakimu. Nilijua. Nilipokusikia kwenye simu nilitaka kusema sina faili karibu. Lakini jina la nane na la thelathini na moja yalikuwa kwenye ukurasa mmoja, na ukurasa ukizuiwa unazuiwa wote. Nikakusomea. Uliponiambia "ahsante mjomba," nilikata kwa sababu nisingeweza kujibu.

Mwanangu, mama yako alikuwa amekwisha kufa. Chapchap alikuwa hai, anakohoa damu kwenye chumba cha watu arobaini. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nimejiambia hilo kila siku tangu Oktoba, na kila siku linanitosha mpaka saa nne asubuhi tu.

Ukisema mbele ya kamati nitapoteza kazi mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Hilo nalistahili. Lakini watamrudisha Chapchap, naye hajui lolote. Nakuomba useme yote kuhusu mswada, uuunge mkono ukitaka, ila usiseme msemaji ni nani. Na nakuomba unisamehe. Sijawahi kumwomba mtu mdogo kwangu neno hili.

Mjomba wako

*

27 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na neno hilo dakika nyingi kabla ya kuliandika. Nimeliandika kwa sababu mama angenipiga kofi nisingeliandika.

Barua yako ilifika tarehe kumi na sita. Niliisoma ofisini, nimesimama, kama mtu yeyote asomavyo, nikitafuta maana tu. Nikaenda nyumbani kabla ya saa zangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nadhani wanazungumzia watu wa familia nyingine. Umeniumiza, mjomba. Ghorofa alimuua mama bila kumjua. Wewe ulimjua tangu siku aliyozaliwa, ukamwandikia moyo mweupe.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa shule ya sekondari, viti vya wanafunzi, magoti yanagonga meza. Kabla yangu alisimama mzee mmoja aliyetolewa jela kwa msamaha miaka sita iliyopita, baada ya mwenye kosa halisi kupatikana na mahakama kukataa kufungua kesi upya. Alisema tukiufunga kabisa mkono wa Rais, watu kama yeye watafia ndani. Watu wakampigia makofi, na mimi nikampigia.

Zamu yangu ilipofika nikasema sitaki mkono ufungwe. Nataka ufanye kazi watu wakiona. Nikasema anayesamehewa atajwe na sababu yake, na kila aliyedhurika aulizwe yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Yule mbunge wa moyo mweupe alikuwepo. Akainua karatasi, akauliza mbona natia chumvi, wakati familia yangu ilisamehe kwa maandishi. Akaisoma tena. Ukumbi mzima ukanigeukia.

Mjomba, nilikuwa nimeamua kukuficha. Naapa. Nilikuwa nimekaa siku tatu na Chapchap kichwani, nikimsikia anavyokohoa. Lakini alipomaliza kusoma, mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo binti, ulisamehe?" Nikaona nikinyamaza, nami nimetia sahihi.

Nikasema sikusamehe, wala mdogo wangu hakusamehe, wala hatukuulizwa. Nikasema msemaji ni mjomba wangu, kaka wa mama, na ni karani wa ofisi inayozipokea fomu hizo. Nikasema pia kwamba namba ya mfungwa huyo niliisahihisha mimi kwa mkono wangu. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mbunge akakaa.

Mwenyekiti akauliza msemaji alipata nini. Nikajibu kwamba hilo waje wakuulize wewe. Kwa hiyo wito utakufikia, wa tarehe tisa Julai. Chapchap sijamtaja. Mwambie wewe kabla hajasikia redioni, na umwambie yote, pamoja na mafaili mawili na kalamu. Akirudishwa ndani nitakwenda kumtazama kila mwezi, na hilo nitalifanya hata wewe usipotaka kuniona.

Sasa kuhusu lile neno la msamaha uliloniomba.

La kwangu nimelitafuta moyoni na sijalipata. Sisemi halitapatikana. Lakini hata ningelipata leo lisingetosha, kwa sababu hukunidhuru mimi peke yangu. Kitinda alikaa chini ya lile zege saa nne, mama kando yake. Walizungumza. Mama alimwambia asilale, amwimbie, na aliimba mpaka upande wa pili ukawa kimya, akaendelea kuimba. Hakuna fomu iliyomuuliza Kitinda kuhusu saa hizo nne.

Nikampa barua yako. Aliisoma yote kwenye ukingo wa kitanda, fimbo magotini. Nikamuuliza nikuandikie nini. Nilikuwa na maneno tayari, mjomba, maneno ya heshima, ya kusema tuna uchungu lakini tunakuombea. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Akasema, "Usiniandikie chochote. Akitaka la kwangu, aje anikalie hapa mbele, aniulize."

Nikaweka kalamu chini. Hiki ndicho kituo cha barua yangu. Kuanzia hapa nafasi ni yake, nami sitaijaza.

Mpwa wako